Tundu la Sigara: Historia ya Umeme Tunaouazima Kwenye Gari

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Nguvumali, Tanga. Shangazi ameshakaa kiti cha mbele, kadi ya kliniki mkononi. Presha yake ilikuwa imepanda wiki nzima, na siku hiyo alitakiwa afike mapema. Nikazungusha ufunguo. Gari likajibu "tik". Nikazungusha tena, "tik". Taa za dashibodi zikafifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta, halafu kimya.

Shangazi hakufoka. Aliuliza tu, "Mwanangu, jana usiku ulikuwa unafanya nini humu ndani?"

Nilikuwa naandika sura ya tatu ya tasnifu. Ilikuwa mwishoni mwa 2023, mgao wa umeme umepamba moto. Umeme ulikatika magharibi, laptopu yangu (kompyuta mpakato, kwa wenye kupenda usanifu) imebaki na asilimia 11, na msimamizi anasubiri kazi kesho yake. Nikachukua inveta ndogo niliyoinunua Dar, nikaenda kwenye Fuso la jirani lililoegeshwa nje. Kabla sijaichomeka, fundi umeme wa magari wa mtaani kwetu, mzee wa makamo ya babu yangu, akanizuia.

"Ngoja kwanza, mjukuu wangu. Hicho kidude kimeandikwaje nyuma?"

Kimeandikwa DC 12V. Akatoa mita yake, akapima betri za Fuso: 25 na ushee. "Ungekiunguza," akasema, akaenda zake kula.

Basi nikahamia kwenye IST ya shangazi. Hiyo ni volti 12, haina shida. Nikaweka swichi kwenye ACC bila kuwasha injini, nikaandika saa tatu nzima, nikalala nikiwa na furaha. Asubuhi ndiyo ile "tik".

Vijana waliokuwa wanatoka kuswali wakaja kusukuma. Fundi akawacheka. "Hii otomatiki, jamani. Mtaisukuma mpaka Pongwe haitawaka." Akaleta waya zake, akabusti kwa betri ya teksi ya jirani, gari likawaka. Shangazi alichelewa, ila alifika salama. Jioni nilipompelekea fundi ahsante yake, akaniuliza swali lililozaa makala hii:

"Wewe mtu wa chuo. Hilo tundu ulilomalizia betri, unajua liliwekwa hapo kwa kazi gani?"

"La kuchajia, babu."

Akatikisa kichwa. "La kuwashia sigara."

Nilipoanza kusoma historia yake, nikagundua kwamba jibu lile fupi linaeleza karibu kila kitu kilichonipata usiku ule. Umeme wa gari ulijengwa kipande kwa kipande, kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila kipande kilikuwa na kazi yake. Laptopu ni mgeni aliyefika mwisho kabisa. Hatari zote za kuchajia kwenye gari zinatokana na kazi hizo za zamani. Ukizijua, huna haja ya kukariri masharti.

Tundu lililozaliwa kwa ajili ya moto

Mwanzoni mwa karne ya 20 viberiti vya umeme vya kwenye magari vilikuwa na waya mrefu. Unavuta kiberiti na waya wake, unawasha sigara, unarudisha. Mwaka 1921 nchini Marekani ilitolewa hataza ya muundo usio na waya: kichwa chenye nyuzi za kupata moto unakichomoa peke yake, na tundu linabaki kwenye dashibodi. Miaka ya 1950 ukaja ule ambao wenye magari ya zamani wanaukumbuka: unausukuma ndani, ukishakuwa mwekundu unaruka wenyewe. Siri yake ni vipande vya chuma vinavyotanuka kwa joto na kuachia.

Sasa tazama tundu lenyewe. Katikati kuna kidoti cha chuma, ndiyo chanya. Kuta za pembeni zimeungana na bodi ya gari, ndiyo hasi. Kazi yake ilikuwa kupitisha ampea kama kumi hivi kwa sekunde chache tu, kichwa kikishapata moto basi. Hakuna aliyefikiria kifaa kitakachokaa humo saa tatu mfululizo huku gari likiruka mashimo.

Plagi ya chaja ya gari haishikwi na kitu zaidi ya springi. Ikilegea, sehemu inayogusana inakuwa ndogo, ukinzani unaongezeka, na joto linazaliwa hapo hapo. Hesabu yake ni rahisi: joto ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Ukinzani wa omu 0.1 tu, na mkondo wa ampea 10, ni wati 10 za joto kwenye kidoti kidogo kuliko kifungo cha shati. Plastiki inalainika, kisha inanuka, kisha inaungua. Ukiona plagi ya chaja yako imebadilika rangi kwenye ncha, usidhani ni uzee. Hilo ni joto.

Ndo maana magari mengi yameandikwa pale pale kwenye kifuniko: 12V 120W. Yaani ampea 10, basi. Nyuma yake kuna fyuzi, mara nyingi ya ampea 10 au 15, ambayo kazi yake ni kufa kabla ya waya kuungua. Na hapa kuna kichekesho cha kusikitisha. Fyuzi ikikatika, wapo wanaoizungushia ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ili kazi iendelee. Tundu la sigara linaunguzwa kwa karatasi ya sigara. Fyuzi iliyokatika imeshakupa taarifa. Tafuta sababu, halafu weka nyingine ya ampea zile zile.

Betri iliyozaliwa kwa ajili ya stata

Betri ya risasi na asidi ni ya mzee kuliko gari lenyewe. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859. Ilipata makazi ya kudumu kwenye gari baada ya Cadillac kutoa modeli za mwaka 1912 zenye stata ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Kabla ya hapo injini iliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono, na hendeli ikirudi nyuma ilivunja watu mikono.

Stata inataka nini? Inataka mkondo mkubwa sana kwa muda mfupi sana, ampea mia moja na zaidi kwa sekunde mbili tatu. Kwa hiyo betri ya gari hutengenezwa kwa bamba nyembamba na nyingi, ili eneo la kutoa umeme liwe kubwa. Ni mkimbiaji wa mita 100. Baada ya mbio injini inawaka, jenereta ya gari inarudisha kile kidogo kilichotumika, na betri inabaki imejaa karibu muda wote. Ukimlazimisha mkimbiaji huyu aende mbio ndefu, yaani umnyonye taratibu mpaka aishe, bamba zile zinaharibika. Kila ukimaliza betri kabisa, hairudi kuwa ile ya zamani.

Tufanye hesabu ya usiku wangu. Laptopu ikifanya kazi huku ikichaji, tuseme wati 60. Inveta yangu inapoteza sehemu, tuseme asilimia 15, kwa hiyo betri inatoa kama wati 70. Gawanya kwa 12: karibu ampea 6. Kwa saa tatu ni ampea-saa 18. Betri ya gari dogo ikiwa mpya, tuseme ina ampea-saa 40, nimekula karibu nusu. Lakini ya shangazi ilikuwa ya zamani. Ikiwa imebaki na uwezo wa 25, nimekula zaidi ya theluthi mbili. Stata haikuwa na cha kula.

"Mbona inveta haikulia?" nilijitetea. Inveta nyingi za bei ya kawaida hulia au kujizima volti zikishuka karibu 10 na nusu. Betri nzima iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu. Ikifika 10 na nusu imeshakwisha zamani. King'ora kile kinailinda inveta. Safari yako ya asubuhi haimo kwenye hesabu zake.

Betri iliposhuka garini

Huku kwetu kuna sura ambayo vitabu vya historia ya magari huiruka. Kwa Afrika Mashariki, kwa muda mrefu betri ya gari ilifanya kazi hata nje ya gari.

Tanga ni mahali pazuri pa kulitazama hili. Kampuni ya umeme ya TANESCO ilianzishwa mwaka 1931, na umeme wake wa maporomoko ya Pangani ulilenga mashamba ya mkonge na mji wa Tanga. Baadaye kikaja kituo cha Hale, megawati 21, mwaka 1964, na Pangani mpya, megawati 68, miaka ya 1990. Yaani mkoa huu umezalisha umeme kwa vizazi. Lakini nguzo zilifuata mkonge, viwanda na miji. Kijiji kilichokuwa chini ya waya mkubwa kiliweza kukaa gizani, na vingi vilikaa.

Aliyekuwa nje ya waya alitumia betri. Redio ilikwenda kwa betri kavu. Televisheni ilipoanza kurushwa Tanzania Bara mwaka 1994 (Zanzibar walitangulia mwaka 1973), TV ndogo za chogo, nyeusi na nyeupe, ziliendeshwa kwa betri ya gari iliyowekwa chini ya meza. Mechi ikikaribia, betri inafungwa nyuma ya baiskeli na kupelekwa mjini "kuchajisha". Mafundi wa vile vibanda ndio walimu wa kwanza wa somo hili. Walijua kwamba betri ya lori ikigeuzwa ya kuangalizia mpira haifiki mbali. Walijua pia kwamba betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, inayolipuka kwa cheche, na ndiyo sababu walichajia nje, barazani, na kumfukuza mwenye sigara. Yule fundi wetu wa Nguvumali alianzia huko.

Kompyuta nayo ilichelewa. Mwaka 1974 Serikali iliweka zuio la kuingiza kompyuta na televisheni bila kibali, na kwa miaka mingi mashine hizo zilikuwa chache na zilikaa maofisini, karibu na soketi ya ukutani. Laptopu ilipoanza kuenea mikononi mwa wanafunzi, ilikuta nchi yenye mgao, lakini pia yenye ujuzi mkubwa wa betri za gari. Si ajabu tuliunganisha viwili hivyo.

Sita, kumi na mbili, ishirini na nne

Kwa nini Fuso lingeunguza inveta yangu? Hili nalo lina historia.

Magari mengi ya zamani yalikuwa ya volti 6. Katikati ya miaka ya 1950 watengenezaji wa Marekani walihamia volti 12, kwa sababu injini zilikuwa zimekua na zinahitaji stata yenye nguvu. Volkswagen Beetle ilibaki na volti 6 mpaka katikati ya miaka ya 1960.

Wati ni volti mara ampea. Ukiongeza volti mara mbili, nguvu ile ile inapita kwa nusu ya ampea, na waya unaweza kuwa mwembamba na wenye hasara ndogo. Sasa fikiria injini kubwa ya dizeli, inayobana hewa kwa nguvu mpaka ipate moto yenyewe. Kuizungusha ni kazi nzito. Kwa hiyo malori na mabasi makubwa yakaenda volti 24, betri mbili za 12 zimefungwa kwa mfuatano. Injini ikiwaka, unakuta karibu volti 28.

Tatizo ni kwamba tundu likabaki na umbo lile lile. Plagi ya volti 12 inaingia kwenye lori bila kukataa hata kidogo. Ndiyo maana kama unasafiri na lori au basi, hakuna njia ya mkato: geuza chaja, soma. Ikiandikwa "12–24V", endelea. Ikiandikwa "12V" peke yake, irudishe mfukoni. Na usikubali mtu akuchukulie volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili za lori. Betri ile itachoka kabla ya mwenzake, kisha zote mbili zitaharibika kwa kutolingana.

Umeme usiotulia

Tunasema volti 12 kwa mazoea, lakini umeme wa gari hautulii. Zamani dinamo ndiyo ilichaji betri, na gari likienda taratibu ilizidiwa. Mwaka 1960 Chrysler ilianza kuweka oltaneta kwenye gari lake la Valiant, kwa kuwa diodi za silikoni zilikuwa zimepatikana, ndogo na imara. Oltaneta inachaji hata gari likiwa kwenye foleni. Injini ikiwaka, soketi yako husoma kati ya 13.5 na 14.5 hivi.

Ukipiga stata, volti zinaporomoka, pengine chini ya 9, kwa muda mfupi. Kuna hali mbaya zaidi: waya wa betri ukichomoka wakati oltaneta inasukuma mkondo mkubwa, umeme ule hukosa pa kwenda na volti huruka ghafla. Viwango vya kimataifa vya vifaa vya magari vinahesabu kwamba kwenye mfumo wa volti 12 usio na kinga, mruko huo unaweza kukaribia volti 100. Magari ya sasa yana kinga ndani ya oltaneta, ila si kila oltaneta iliyofungwa mtaani ni ile iliyotoka kiwandani.

Kwa watu wa pwani hili si la nadharia. Unyevu na hewa ya chumvi hula vyuma. Ukifungua boneti ukakuta unga mweupe au wa kijani kwenye ncha za betri, jua mshiko wake unalegea. Safisha na kaza kabla hujafikiria kuchomeka kompyuta ya milioni moja na nusu. Na daima: chomoa laptopu kabla ya kupiga stata, na kabla ya kubusti. Washa injini kwanza, subiri kidogo, ndipo uchomeke.

Kupandisha ili kushusha

Inveta ni kifaa cha ajabu kidogo. Jina lenyewe lilianza kusambaa baada ya mhandisi David Prince wa General Electric kuandika makala yenye jina hilo mwaka 1925. Lakini haja ya kupandisha volti kwenye gari ilikuja na redio. Redio za magari za miaka ya 1930 zilikuwa na valvu zilizotaka volti nyingi kuliko 6 za betri. Wakaweka kidude kinachotetema, kikikata na kuunga umeme mara nyingi kwa sekunde, ili uweze kupandishwa kwa transfoma. Kilivuma kama nyuki. Inveta ya leo inafanya kazi hiyo hiyo kwa transista, bila kelele zaidi ya feni.

Kwa laptopu, inveta ni safari ya kuzunguka. Unapandisha volti 12 hadi 230, halafu chaja yako inazishusha hadi 19 au 20. Kila hatua inapoteza nguvu na kutoa joto. Tena inveta za bei rahisi hazitoi wimbi laini kama la ukutani, zinatoa wimbi la ngazi. Chaja nyingi za laptopu zinalivumilia, ila baadhi hupata joto au kutoa mvumo. Ukisikia mvumo usio wa kawaida, chomoa. Na usisahau kwamba kinachotoka pale ni volti 230, sawa na ukutani. Ukiwa na miguu yenye maji ya bahari, au mtoto anachezea kiti cha nyuma, hatari ni ile ile.

Inveta ya wati 300 kwenye tundu la wati 120 haileti wati 300. Inaleta fyuzi iliyokatika, au tundu lililoyeyuka. Kubwa kama hiyo hufungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa waya mnene na fyuzi yake yenyewe karibu na betri. Hiyo ni kazi ya fundi.

Magari yetu ya mtumba kutoka Japani yana zawadi ambayo wengi hatuijui. Baadhi ya Toyota zina soketi bapa ya miguu miwili iliyoandikwa AC 100V 100W. Baadhi ya haibridi, kama Estima na Alphard, ziliuzwa na soketi ya wati 1500. Japani hutumia volti 100, na chaja nyingi za laptopu zimeandikwa "100–240V", kwa hiyo zinakubali bila transfoma. Angalia tu kwamba wati za chaja yako hazizidi zile za soketi. Feni au pasi ya hapa kwetu usiichomeke pale.

Mgeni wa mwisho

Kompyuta za kwanza za kubebeka hazikuwa hata na betri. Osborne 1 ya mwaka 1981 ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na ilitegemea soketi ya ukutani. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1991, Sony ilipoingiza sokoni betri ya lithiamu. Kazi ya wanasayansi watatu walioijengea msingi, Goodenough, Whittingham na Yoshino, ilipewa Nobel ya kemia mwaka 2019.

Lithiamu inabeba nguvu nyingi kwa uzito mdogo, na ndiyo sababu ikikasirika inakasirika vibaya. Mwaka 2006 Dell iliita betri milioni 4.1 za laptopu zilizotengenezwa na Sony, baada ya baadhi kushika moto. Adui mkubwa wa betri hii garini ni jua. Utafiti uliofanyika Marekani mwaka 2005 ulikuta gari lililofungwa huongezeka joto kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea nusu saa ya kwanza. Mchana wa Tanga wa nyuzi 32, ongeza 22: umeshafika 54. Betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikizidi nyuzi 45 hivi. Kwa hiyo kuacha laptopu inachaji ndani ya gari lililofungwa juani, wewe uko gengeni, ni kosa hata kama kila waya ni wa kweli.

Na safari ya kuzunguka ile inaanza kufupishwa. Mwaka 2012 ulitangazwa utaratibu wa kupitisha nguvu kubwa kwenye USB, mpaka wati 100, na mwaka 2021 ukapandishwa hadi 240. Chaja na laptopu zinaongea kwanza: "Unataka volti ngapi?" "Ishirini." Ndipo umeme unapita. Chaja ya gari ya aina hii haipandi mpaka 230, inatoka 12 kwenda 20 moja kwa moja. Kama laptopu yako inachaji kwa USB-C, hiyo ndiyo njia salama na nafuu zaidi. Lakini hata hapa kivuli cha sigara kipo: wati 100 kutoka volti 12, pamoja na hasara, ni karibu ampea 9. Tundu limeshafika kikomo chake. Wati 240 kutoka humo hazitatoka.

Jibu kwa fundi

Nikirudia ule usiku leo, ningefanya hivi:

- Ningesoma lebo ya chaja na kuuliza gari ni la volti ngapi, kabla ya kugusa tundu.
- Ningewasha injini kwanza, kisha nichomeke, na kuchomoa kabla ya kuzima.
- Gari lingekuwa nje, penye hewa. Injini inayonguruma ndani ya gereji au banda lililofungwa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua. Hili halina mjadala.
- Kama ni lazima injini izimwe, nisingezidi nusu saa hivi kwenye betri nzima. Kwenye betri ya zamani nisingejaribu kabisa.
- Ningegusa plagi kila baada ya muda. Uvuguvugu si neno. Ikiunguza kidole, basi imetosha.
- Laptopu ingekaa penye hewa, si juu ya kiti cha sponji wala juani, na si mapajani mwa abiria wa mbele gari likitembea. Mfuko wa hewa ukifumuka, laptopu inakuwa silaha.
- Ningechaji mchana umeme ukiwepo, na kuhifadhi nakala ya kazi. Mgao hutangazwa, ila haraka ya mwanafunzi haitangazwi.

Nilimsomea fundi rasimu ya makala hii barazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua ile inveta yangu, akaigeuza, akasoma lebo tena kama vile haniamini.

"Yote sawa," akasema. "Ila umesahau moja. Gari la mtu mgonjwa halichezewi usiku."

Nimeliongeza hapa, kama alivyosema.